Masanja wa Kwimba na mtumbwi tuliojenga kama trela la ngano

Wakuu, habari za muda huu. Kwa wakubwa zangu mliomo humu, shikamooni.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Juzi kuna mkuu mmoja aliweka uzi wenye picha za boti aliyojitengenezea mwenyewe kwa mbao. Wengine wakampongeza, wengine wakamwambia aandike wosia kabisa. Nikacheka na mimi, halafu nikabaki nimeshika simu muda mrefu bila kusoma kitu. Kuna jambo la miaka mingi sijawahi kulisema lote.

Watakaosema hii ni chai wajimiminie tu, sukari ipo. Mimi umri wa kutunga umeshanipita.

Turudi nyuma, enzi zile mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang bado yana nguvu zake. Nilikuwa fundi seremala kwenye karakana ya shamba mojawapo. Mzaliwa wa Tlawi, Mbulu, kijana, mwenye kiburi kidogo. Kidogo naweka kwa heshima yangu mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa bodi za trela. Ngano ikivunwa inamwagwa kwenye trela, na trela ikiachia ubao njiani ni hasara na aibu. Za kwangu hazikuachia. Nilijua hivyo, na kila aliyekaa na mimi dakika tano alijua hivyo.

Baba alishafariki. Mama alihama Tlawi akashuka upande wa Getanuwas, alikopewa shamba na kaka yake. Kati ya kwake na kambi yetu kulikuwa na bonde lenye ziwa dogo, dogo kiasi kwamba sisi tuliliita bwawa. Miaka ya kawaida unapita pembeni yake na kanga haziloani.

Mwaka huo mama akapata kifua kikuu.

Mnaojua matibabu ya zamani mtanielewa. Ilikuwa sindano kila siku, miezi miwili, kwenye zahanati ya shamba upande wa kambi. Mama alikuwa anaondoka asubuhi, anatembea taratibu, anachomwa, anapumzika kwenye benchi, anarudi kukamua. Nilimwomba ahamie kambini. Lakini chumba tulikuwa vijana wanne, na ugonjwa ule watu waliuogopa, hata kikombe alichonywea mtu walikitenga. Na mama mwenyewe akaniuliza ng'ombe wake nitawakamua mimi?

Akaendelea kutembea.

Halafu zikaja mvua. Sizungumzii mvua za kulalamikia viatu. Zilinyesha mpaka lile bwawa likapanda, likameza njia, likaingia kwenye mashamba ya watu. Kuzunguka ilikuwa karibu siku nzima, kwenye tope jeusi ambamo hata trekta la shamba lilinasa.

Mama akakosa sindano siku tatu. Ya nne akazunguka kwa miguu, akafika zahanati jioni hawezi kuongea. Nesi aliyekuwa anamtibu, mama mmoja mkali lakini mwenye huruma, akaniita pembeni.

"Mwanangu, hizi sindano hazirukwi. Akiendelea kuziruka, ugonjwa utaizoea dawa. Na mimi hapa sina dawa nyingine."

Basi. Hapo ndipo wazo la mtumbwi lilipozaliwa.

Sasa wakuu, eleweni jambo moja. Sisi Wairaqw wa kule juu ni watu wa shamba na mifugo. Maji kwetu ni ya kunywa, ya kunywesha ng'ombe, na ya kuogopa. Wazee wetu wanasema maji yana wenyewe. Katika watu wote niliowafahamu hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda mtumbwi.

Isipokuwa Masanja.

Masanja alikuwa dereva wa kombaini, Msukuma, mkubwa kwangu kwa miaka kama mitano. Mrefu, mpole, mtu wa kucheka chinichini. Alipofika kambini watu walimuuliza, wewe ni wa Mwanza? Akasema ndiyo, mkoa wa Mwanza. Kuanzia siku hiyo akaitwa Mtu wa Ziwa. Samaki wakiletwa kambini anaulizwa yeye kama ni wazima. Mawingu yakikusanyika anaulizwa yeye. Alikuwa anatazama juu, anatikisa kichwa, anasema "tutaona," na watu wanaridhika.

Nikamfuata. Nakumbuka nilivyomwambia, neno kwa neno.

"Kaka, wewe ni mtu wa ziwa. Mitumbwi unaijua. Mimi mbao naijua. Tumjengee mama mtumbwi."

Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema, "Mama yako anaumwa kweli?"

Nikamwambia kweli.

"Basi tujenge."

Kombaini zilikuwa zimepaki kwa sababu ya msimu, kwa hiyo muda alikuwa nao. Bosi wa karakana akaturuhusu kuchukua mbao za makreti yaliyokuja na spea za kombaini, mbao laini za ng'ambo, nyeupe, zilizonyooka. Misumari tukapewa. Lami ya kuziba tukapewa nusu pipa. Nitamshukuru yule mzee mpaka kesho, maana angeweza kukataa na asingekuwa na kosa.

Tukajenga nyuma ya karakana. Mimi nilichora kwa chaki sakafuni, nikapima, nikakata. Masanja alisimama pembeni kama mkaguzi. Nikimuuliza pua ya mtumbwi iwe na upana gani, ananyoosha mikono miwili hewani, anaitazama, anaipunguza kidogo. "Hapo." Nikimuuliza kasia litakuwaje, anasema tutalijua likifika wakati wake. Nikataka tuujaribu kwenye maji, akasema lami haijakauka. Kesho yake haijakauka. Keshokutwa nikaigusa kwa kidole, imekauka kama jiwe, yeye anasema ndani bado.

Nikaona huyu ndiye fundi, hana haraka. Mjinga akimpenda mtu hata woga wake anauita hekima.

Ulipokamilika ulikuwa mzuri, sitaki kudanganya. Mbao zimebanana, kona zimenyooka, sakafu ukiikalia unasikia iko imara. Wenzangu karakana walipita wakaupigapiga kwa ngumi. "Hapa umeua," wakasema. Nilikuwa nimepigilia mbao kwa utaalamu wangu wote, nguzo nje, mbao ndani, kama ninavyofanya siku zote. Shikilia hapo hapo, nguzo nje na mbao ndani, tutarudi.

Siku ya kuushusha ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Tuliubeba kwa trela mpaka ukingoni, na watu wakajaa. Mama tulikuwa tumemzungusha na punda tangu jana yake ili awepo. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa kipya kichwani. Amekonda, lakini anatabasamu. Mpango ulikuwa Masanja apige kasia, mama akae katikati, wavuke mpaka upande wa nyumbani. Abiria wa kwanza mama, nahodha Mtu wa Ziwa. Nilikuwa nimeupanga huo ufahari kichwani kwa wiki nzima.

Tulikuwa tumemwomba Mzee Tluway, jirani wa mama, atuombee baraka. Mzee huyu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuja na fimbo yake na haraka yake, maana ng'ombe alikuwa amewaacha na mtu asiyemwamini.

Sasa kwetu, wazee hawaombi baraka hivi hivi. Kwanza wanauliza kama kuna mtu ana neno moyoni. Ana kinyongo, ana kificho, ana jambo hajalisema. Baraka ikiwekwa juu ya kificho haikai. Mara nyingi watu hunyamaza kidogo, mzee anaendelea, ni utaratibu tu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kukunja suruali niusukume.

Mzee Tluway akauliza kwa Kiiraqw, kisha kwa ajili ya wageni akarudia kwa Kiswahili.

"Kuna mwenye neno? Kama lipo liseme sasa. Majini hatuingii na kificho."

Nikaushika mtumbwi, tayari kuusukuma.

Halafu nikasikia, "Mimi ninalo, mzee."

Alikuwa Masanja. Kasia amelishika mkononi.

"Mimi siyo mtu wa ziwa," akasema. "Mimi ni wa Kwimba. Kwetu ni pamba na ng'ombe kama ninyi. Ziwa nimeliona mara mbili, mara zote nikiwa kwenye gari. Mtumbwi sijawahi kupanda. Kuogelea sijui. Huyu kijana aliponiambia ninajua, nilitaka kukataa, nikaona mama yake anaumwa, nikaona pia... mlikuwa mnaniheshimu. Nilifikiri Mungu atasaidia. Lakini mama huyu simpandishi. Nisameheni."

Akaliweka kasia chini taratibu.

Wakuu, kuna watu walicheka. Mimi sikucheka. Damu ilinipanda. Nilimfuata mpaka usoni nikamwita mwongo mbele ya kambi nzima, nikamwita tapeli, nikasema na kuhusu kabila lake maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na Wasukuma mliomo humu naombeni radhi. Yeye alisimama tu, ameangalia chini.

Aliyenizima ni mama. Hakupaza sauti, kifua kisingemruhusu.

"Lohay, nyamaza. Wewe ulimuuliza kama anajua, au ulimwambia kwamba anajua?"

Nikarudi nyuma.

Mama akageukia mtumbwi, akautazama kama anavyotazama ndama wa kununua. "Wekeni magunia kwanza," akasema. "Likizama gunia hakuna anayelia."

Tukajaza magunia mawili mchanga, uzito wa watu wawili. Tukafunga kamba nyuma, tukausukuma kwa miti mirefu. Ukaelea. Watu wakaanza kushangilia, na mimi nikamgeukia Masanja kwa jicho la unaona sasa.

Ulifika mahali ambapo maji yanapita kichwa cha mtu. Tukasikia kitu kama mlango unapigwa teke. Ubao wa ubavuni ukang'oka, ukaingia ndani. Ukafuata wa juu yake. Mtumbwi ukalala ubavu, ukaenda chini na magunia yake, na kamba ikanyooka mikononi mwetu. Haikuchukua hata muda wa kusema Baba Yetu.

Mimi nilikuwa natazama pale katikati, mahali ambapo mama angekuwa amekaa na gauni lake la kanisani.

Mzee Tluway akasema baraka ataitoa siku tukiwa tayari, akaenda kuangalia ng'ombe wake.

Kesho yake jozi mbili za ng'ombe ziliuvuta mtumbwi nje. Nikakaa mbele yake asubuhi nzima, na ndipo nikaona ujinga wangu. Kwenye trela mzigo uko ndani. Ngano inasukuma mbao kwenda nje, kwa hiyo unaweka nguzo nje zizuie. Kwenye mtumbwi mzigo uko nje. Maji yanasukuma kuingia ndani, na mimi nilikuwa nimeweka mbao zangu upande wa ndani, zimeshikwa na misumari peke yake. Nilijenga trela zuri kuliko yote na nikalipeleka ziwani.

Kwa hiyo kosa la mtumbwi halikuwa la Masanja. Lilikuwa la fundi ambaye trela zake haziachii.

Tuliung'oa wote, tukageuza, nguzo ndani na mbao nje. Nasema "tuliung'oa" kwa sababu Masanja alikuja. Hakuitwa. Alikuwa anamzungusha mama kwa punda wa kuazima kupitia lile tope, saa nyingi kwenda, mama analala zahanati, kesho yake kurudi, ili angalau asikose sindano zote. Akiwa kambini anachukua nyundo. Mimi sikumsemesha. Nilikuwa nanyoosha mkono, ananipa msumari.

Mama naye alikuwa na lake. Alipouona umekamilika mara ya pili, na sisi tunataka kuushusha, akauliza, "Hori jipya la ng'ombe mnalitumia siku hiyohiyo?"

Kila mtu wa kwetu anajua hori la mbao likiwa jipya linavuja. Unalijaza maji siku mbili, mbao zinanywa, zinavimba, zinabanana zenyewe. Mafundi wawili wazima tulikuwa hatujalifikiria. Tukaujaza mtumbwi maji ukiwa nchi kavu. Siku ya kwanza ulivuja kila mahali, ya pili kidogo, ya tatu asubuhi ardhi chini yake ilikuwa kavu.

Na kasia tukaachana nalo. Tukaunga kamba za turubai, zile za kufungia malori ya ngano, tukazivusha kwa watu waliozunguka nazo, tukazifunga kwenye miti huku na huku. Unakaa ndani, unashika kamba, unajivuta mkono kwa mkono. Hiyo haihitaji kuwa mtu wa ziwa.

Mzee Tluway akaja tena. Akauliza tena kama kuna mwenye neno.

Safari hii nilisema mimi. Nikasema kosa la misumari lilikuwa langu. Watu wakaitikia, mzee akanyoosha fimbo, akaomba, tukaitikia mpaka mwisho. Lakini kuhusu matusi niliyomtukana Masanja sikusema kitu. Niliona nimeshajishusha vya kutosha kwa siku moja.

Masanja akapanda wa kwanza, peke yake, mtu asiyejua kuogelea. Nilimwona midomo yake inacheza, nadhani alikuwa anasali. Akajivuta mpaka ng'ambo, akagusa udongo kwa mkono, akarudi. Kisha akamnyooshea mama mkono.

"Karibu, mama. Sasa najua kidogo."

Kuanzia siku hiyo alimvusha kila asubuhi kabla ya kazi na kumrudisha mchana. Mvua ikinyesha anamfunika turubai. Mama alikuwa anampelekea maziwa kwenye kibuyu, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuokotezana, lakini vicheko vilisikika mpaka ukingoni. Mashavu ya mama yakaanza kurudi. Nesi akamwambia akiendelea hivyo atamwona akicheza ngoma.

Maji yalipoanza kupungua na ngano kukomaa, kombaini zikaitwa. Masanja akahamishiwa shamba lingine la mbali. Asubuhi ya kuondoka alimvusha mama kama kawaida, akamfikisha zahanati, akapanda lori. Sindano zilikuwa zimebaki chache, na hizo ningemvusha mimi. Mimi nilikuwa karakana na msumeno. Lori likapita mbele yangu, akanipungia. Nikapunga. Ningeweza kuliita lisimame, dereva nilimjua.

Mchana mama akaniuliza, "Umemwambia asante?"

Nikasema ndiyo.

"Na yale maneno ya siku ile, umemwomba msamaha?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akafurahi sana, akanishika kichwa akanibariki. Nikaipokea ile baraka.

Mtaniuliza kwa nini sikumtafuta baadaye. Mwaka wa kwanza niliona aibu. Wa pili nikasema nitaenda. Halafu mashamba yakayumba, watu wakatawanyika, nikasikia karudi Kwimba. Miaka ikaenda zake. Mama aliishi mpaka akawaona wajukuu zake wanaoa, akafa kwa uzee, kifua chake kikiwa safi. Kila sala ya jioni alimtaja Masanja, na alipomaliza alikuwa akisema, "Angalau Lohay alimshukuru."

Hivyo ndivyo ilivyo, wakuu. Masanja niliyemwita mwongo hakuwahi kusema kwa mdomo wake kwamba anajua mitumbwi. Tulimpachika sisi, na siku ilipokuwa na maana akakiri mbele ya watu waliomheshimu. Aliyedanganya kwa mdomo, tena akamdanganya mama yake mgonjwa, ni mimi.

Nilichojifunza ni kwamba neno "sijui" likisemwa kwa wakati linaweza kubeba mtu kuliko mbao za ng'ambo. Na shukrani usiisogeze mbele, maana lori halisubiri. Nimewafundisha vijana wengi useremala tangu wakati ule, na kabla hatujatoa kazi yoyote karakanani kwangu nauliza kama kuna mwenye neno. Wanaona ni mbwembwe za mzee. Lakini wanasema, na makosa mengi tumeyakamata hapo.

Na wewe unayesoma, kama kuna neno unalo na hujaingia majini bado, liseme hapo chini. Hatutakucheka. Tukicheka, tutacheka kidogo.

Na kama kuna mtu wa Kwimba humu anayemfahamu mzee mrefu, mpole, aliyewahi kuendesha kombaini za ngano Hanang, mwambie ana ujumbe wake hapa, umechelewa. Kaka Masanja, nisamehe. Asante. Mama alimaliza sindano zote.